Wosia wa Maisha: Namna ya Kuwaachia Wanao Yale Uliyojifunza

Msiba ukimalizika na turubai likishushwa, ndugu hukaa kikao. Nyumba iwe chini ya nani, shamba alime nani, marehemu alikuwa anadaiwa kiasi gani, msimamizi wa mirathi awe nani. Kikao kinaweza kuwa kirefu na chenye makelele, lakini mwishowe majibu hupatikana, hata ikibidi mahakamani. Yapo maswali mengine yasiyo na mahakama. Yule shangazi wa Handeni ni wa tumbo moja na baba au ni wa ukoo tu? Kwa nini marehemu hakukanyaga tena Mwanza tangu alipoacha kazi? Mama aliwezaje kusomesha watoto watano kwa vitumbua? Mwenye majibu ndiyo kwanza amezikwa.

Mwongozo huu ni wako wewe unayetaka kuyaacha majibu hayo mapema. Ni wako pia kijana unayetaka kumhoji mzazi asiyeandika. Vifaa ni daftari moja la jalada gumu, kalamu ya wino, na simu yenye kinasa sauti.

Usichanganye nyaraka mbili

Wosia wa mali ni jambo la sheria. Unataja nani apate nini, unahitaji mashahidi, na ukikosewa unaweza kubatilishwa. Tanzania, Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini (RITA) husaidia kuuandika na kuutunza. Kenya, Sheria ya Urithi (Sura ya 160) inatambua hata wosia wa mdomo uliotamkwa mbele ya mashahidi wawili au zaidi, lakini kwa raia wa kawaida hauna nguvu kama aliyeutamka hakufariki ndani ya miezi mitatu. Kwa Waislamu wosia hauvuki thuluthi ya mali, wala haumpi mrithi nyongeza ila warithi wenzake wakiridhia.

Wosia wa maisha, unaozungumzwa hapa, haugawi chochote. Unasimulia. Kwa hiyo usiandike humo "kiwanja cha Kibaha ni cha Juma", kwani utampa Juma karatasi ya kugombania na nduguze huku haina nguvu popote. Andika kiwanja ulikipataje, ulimlipa nani, jirani wa mpakani ni nani na mlikubaliana nini kuhusu njia. Nani akirithi, hilo peleka kwenye hati yake.

Kwa nini kisa kinafaa kuliko nasaha

Wazazi wengi wakishika kalamu huandika amri: muogopeni Mungu, pendaneni, msikope, someni kwa bidii. Hakuna ubaya, ila watoto wameshayasikia hayo kwa mwalimu, kwa shehe, kwa padri na kwenye redio. Wasichoweza kukisikia kwingine ni lile lililokufika wewe, ukaamua nini, na likakugharimu nini. Nasaha bila kisa haimwambii mtoto afanye nini hali inapokuwa tofauti kidogo na ile uliyoikataza.

Tazama mfano huu. Mama muuza vitumbua angeweza kuandika mstari mmoja: "Wanangu, biashara msikopeshe." Akiandika kisa, ukurasa wake ungekuwa hivi:

> *Nilianza kuuza vitumbua mwaka uliofuata mvua za El Nino, pale stendi. Makonda walikula asubuhi, wakaahidi kulipa jioni. Sikuandika, nilitegemea kichwa. Mwisho wa mwezi sikuwa na hela ya mchele wala ya nazi, na nikimdai mtu ananiambia ameshalipa, nami sina la kusema. Mtaji wa kuanza tena alinipa mama yenu mdogo. Kukopesha sikuacha, maana makonda wangehamia kwa mwenzangu wa upande wa pili. Nilinunua daftari, anayekopa anaandika jina lake kwa mkono wake. Aliyefikisha siku tatu sikumgombeza. Nilimwambia tu vimekwisha, hata kama beseni limejaa. Ada zenu zilitoka humo. Ninalojutia ni fundi mmoja wa baiskeli niliyemwambia vimekwisha wakati alikuwa mgonjwa kweli. Nilijua siku ya kumzika.*

Humo mtoto anapata mambo ambayo amri isingempa: kwamba mama alikopesha na bado akafaulu, kwamba kilichomsaidia kilikuwa daftari, kwamba mama mdogo ana haki ya kuheshimiwa kwa sababu ambayo huenda hakuijua, na kwamba utaratibu mzuri nao unaweza kumuumiza mtu. Ukurasa huo hauna neno "lazima" hata moja.

Hatua ya 1: Amua unamwandikia nani

Watoto wote kwa pamoja, au kila mmoja peke yake? Shaaban Robert alitunga *Utenzi wa Hati* kwa ajili ya binti yake na *Utenzi wa Adili* kwa ajili ya mwanawe wa kiume. Unaweza kufuata njia hiyo, ila kumbuka kwamba barua za mtoto mmoja mmoja zitalinganishwa. Watapima urefu, watahesabu sifa. Ushauri wangu: daftari moja la wote, na mwishoni ukurasa mmoja kwa kila jina, usio na lawama wala ulinganisho. Una mtoto wa nje au wa kufikia? Naye ana ukurasa wake, sawa na wenzake.

Hatua ya 2: Panga miaka kwa matukio

Wazee wengi hawakumbuki tarehe, na wasilazimishwe kuzibuni. Tumia matukio ambayo kila mtu anayajua, kisha uliza: wakati huo ulikuwa wapi, unafanya nini, mtoto gani alikuwa mgongoni?

- Uhuru wa Tanganyika, Desemba 1961. Wa Kenya, Desemba 1963
- Mapinduzi ya Zanzibar, Januari 1964. Muungano, Aprili mwaka huohuo
- Azimio la Arusha, 1967
- Kuuawa kwa Mzee Karume, Aprili 1972
- Operesheni Vijiji, hasa 1974
- Kifo cha Mzee Kenyatta, Agosti 1978
- Vita vya Kagera, 1978 hadi 1979
- Jaribio la mapinduzi Kenya, Agosti 1982
- Msako wa walanguzi na wahujumu uchumi Tanzania, 1983
- Kuzama kwa MV Bukoba, Mei 1996
- Mvua za El Nino, 1997 hadi 1998
- Kifo cha Mwalimu Nyerere, Oktoba 1999

Mama akikwambia kaka yako alikuwa anatambaa wakati redio inatangaza vita na Idi Amin, umeshaujua mwaka aliozaliwa kaka yako, au umekaribia sana. Orodha hii iongezee matukio ya kwenu: mwaka wa nzige, mwaka daraja lilipochukuliwa na maji, mwaka kiwanda kilipofungwa.

Hatua ya 3: Chagua visa vichache

Vitano vinatosha kuanzia. Mtu anayetaka kuandika maisha yote tangu kuzaliwa huishia darasa la nne. Tafuta mahali ulipokuwa na njia mbili ukachagua moja: kuhama, kuoa au kuolewa, kuacha kazi, kukopa, kusamehe, kukataa. Katika kila kisa jibu maswali manne tu:

1. Hali ilikuwaje? Taja mahali, watu, na kiasi cha fedha kama unakikumbuka.
2. Uliamua nini, na ulikuwa unaogopa nini?
3. Ilikugharimu nini, wewe na wengine?
4. Ingekuwa leo, ungefanya vilevile?

Swali la pili ndilo linalorukwa. Mtoto akijua kwamba baba naye aliogopa siku ile ya kwanza bandarini, atajua la kufanya na hofu yake mwenyewe siku yake itakapofika. Na usichague ushindi mtupu. Visa vitano vya ushindi huwafanya watoto wajione wao ndio walioshindwa.

Hatua ya 4: Andika, au rekodi

Anayeandika aandike kama anavyosema. Kama lugha yako ya kwanza ni Kisambaa, Kigiriama au Kihaya, usiogope kuchanganya. Maneno ya kwenu yaandike kama yanavyotamkwa, na maana yake pembeni kwa Kiswahili, kwa kuwa wajukuu waliokulia mjini huenda hawatayajua. Ukurasa mmoja kwa siku unatosha. Tarehe juu, namba ya ukurasa chini.

Anayerekodi kwa simu afuate haya:

1. Weka simu katika hali ya ndegeni, la sivyo itaingia simu na kukata sauti katikati ya maneno ambayo hayatarudiwa tena.
2. Zima redio, televisheni na feni. Jogoo huna la kumfanya.
3. Laza simu juu ya kitambaa kilichokunjwa, karibu na msemaji, usiishike mkononi.
4. Rekodi nusu dakika kwanza, sikiliza, ndipo uendelee.
5. Anza kwa kutamka tarehe, mahali na majina ya waliopo.
6. Simama baada ya nusu saa hivi. Mzee akichoka hufupisha, na kilichofupishwa hakirefuki tena.
7. Siku hiyohiyo ipe faili jina linaloeleweka, mfano "Bibi-kuhama kijiji-2025". Faili lenye namba tupu halitafunguliwa na mtu.

*Ukimhoji mzee*

Usimwambie "nisimulie historia ya maisha yako". Atakujibu kwamba yeye hana historia, historia ni ya wakubwa. Anza na kitu kilicho mbele yenu: picha, kanga ya zamani, mkeka, kovu.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu."

"Bibi, hiki kibao cha mbuzi ulikipata wapi?"

"Hicho alikichonga babu yako tulipofika huku. Changu cha kwanza kilibaki kulekule, hatukupata nafasi ya kubeba vitu."

"Kwa nini hamkupata nafasi?"

Hapo nyamaza. Usimkatize kusahihisha mwaka, usimmalizie sentensi, usimwambie "hii ulishasema". Kisa kinachorudiwa sana mara nyingi kina sehemu ambayo bado haijasemwa, na mtu akipewa nafasi huenda akaifikia. Akilia, msubiri. Akisema "hayo tuyaache", yaache kweli. Zima kinasa mbele ya macho yake, aone. Kesho atakuamini zaidi.

Maswali ya kuanzia

☐ Jina lako ulipewa na nani, na lilikuwa la nani kabla yako?
☐ Wazazi wako walizikwa wapi hasa? Kaburi linatambulika kwa alama gani?
☐ Fedha yako ya kwanza uliipataje, uliifanyia nini?
☐ Nani alikusaidia wakati huna kitu, ambaye sisi hatumjui?
☐ Magonjwa gani yamewasumbua watu wa ukoo: sukari, presha, selimundu, saratani?
☐ Ndugu gani mliachana kwa ugomvi, na chanzo kilikuwa nini?
☐ Kipi ulichofundishwa na wazazi wako ambacho wewe uliamua kutokifuata?
☐ Jambo gani usingependa watu waliseme juu yako kwa kutolijua?

Swali la magonjwa halikuwekwa hapo kwa bahati mbaya. Selimundu hurithiwa kutoka kwa wazazi wote wawili, na sukari, presha na baadhi ya saratani huelekea kufuata ukoo. Kujua kwamba bibi na shangazi wawili walifariki kwa saratani ya titi kunaweza kumpeleka binti hospitali mapema.

Hatua ya 5: Msomee mtu mmoja unayemwamini

Rafiki wa rika lako ni bora kuliko mtoto. Atakwambia pale ulipojipendelea, na pale ulipoandika jambo ambalo ni siri ya mtu mwingine.

Mambo ya kuyachunga

*Usilipize kisasi.* Daftari la mtu aliyekufa halijibiwi. Kama una lako na mke, mume au ndugu, mwambie akiwa hai naye akujibu. Laana usiandike kabisa. Nimeona familia zilizobeba sentensi moja ya hasira kwa vizazi viwili.

*Siri za wengine si zako kuzitoa.* Ugonjwa wa mtu, mtoto asiyejua baba yake halisi, aibu ya ndugu: mwenye siri asiporidhia, usiiandike. Ikiwa siri inamhusu mtoto wako mwenyewe, mwambie ana kwa ana, umkalishe na umpe muda wa kuuliza. Karatasi haiwezi kumshika mkono.

*Usimfunge mtoto kwa ahadi.* "Usiuze nyumba hii milele" au "usiolewe na kabila fulani" ni mzigo unaowekwa na mtu ambaye hatakuwepo kuona mambo yalivyobadilika. Eleza kwa nini nyumba ilikuwa na thamani kwako, kisha muachie akili yake ifanye kazi.

*Usiutume wosia huu kwenye kundi la WhatsApp la ukoo.* Ukishatoka hapo hujui utafika wapi, na utafika vipande vipande.

Hatua ya 6: Tunza nakala tatu

Mwana Kupona binti Mshamu alitunga utenzi wake mwaka 1858 katika visiwa vya Lamu, akiwa mgonjwa, kwa ajili ya binti yake Mwana Hashima. Humo anamwita bintiye akae karibu, alete wino na karatasi. Sehemu ya mafunzo yake, hasa yanayohusu mke kwa mumewe, mabinti wengi wa leo watabishana nayo, na wana haki. Lakini wanapata cha kubishana nacho kwa sababu kazi hiyo ilinakiliwa kwa mkono, nakala baada ya nakala, ikapita nyumba nyingi. Kama ingebaki karatasi moja kwenye kasha moja, tusingekuwa nayo.

Kwako wewe nakala tatu ni hizi: daftari lenyewe, nakala ya fotokopi kwa mtoto au ndugu anayekaa mji mwingine, na picha za kurasa pamoja na faili za sauti kwenye hifadhi ya mtandaoni, ambayo nywila yake inajulikana kwa mtu mmoja zaidi yako. Flashi peke yake isikutoshe. Hupotea na hufa bila taarifa.

Daftari liwekwe ndani ya bahasha ya plastiki, kwenye sanduku la bati lililoinuliwa juu ya tofali, mbali na mchwa na unyevunyevu. Na tafadhali usipeleke karatasi za asili kulamineti, ingawa siku hizi watu wanalamineti kila kitu hadi risiti. Joto lile huharibu karatasi za zamani na picha, na plastiki ikishaganda haibanduki bila kuondoka na maandishi. Lamineti fotokopi. Picha za karatasi ziandikwe nyuma kwa penseli laini: majina kuanzia kushoto kwenda kulia, mahali, na mwaka wa kukadiria.

Hatua ya 7: Utoe ungali hai

Hapa wengi hukwama. Kuna wanaoona kuandika wosia ni kujitakia kifo. Kuna wanaosubiri kitanda cha hospitali, ambapo sauti haitoki na watu wamejaa chumbani. Ukiutoa ungali na nguvu unapata jambo ambalo marehemu hapati: maswali. Binti yako atasoma kisa cha deni na kuuliza, "Lakini mama, kwa nini hukumwambia baba?" Jibu lako linaweza kuwa ukurasa bora kuliko yote.

Huna haja ya sherehe. Chagua siku ambayo watoto wamekuja nyumbani, Idi, Krismasi au likizo ya shule, baada ya chakula. Soma kisa kimoja tu kwa sauti. Waambie daftari lilipo na ni nani ana nakala. Waache waende zao. Wasiposema kitu siku hiyo usivunjike moyo. Huenda swali likaja baada ya mwaka, kwa simu, usiku.

Hakiki kabla ya kufunga daftari

☐ Hakuna ugawaji wa mali humu
☐ Kila mtoto ametajwa
☐ Kila nasaha ina kisa chake, au imefutwa
☐ Angalau kisa kimoja ni cha kushindwa
☐ Makaburi, magonjwa ya ukoo na waliokusaidia wametajwa
☐ Hakuna siri ya mtu asiyeridhia
☐ Kurasa zina tarehe na namba
☐ Nakala tatu, mahali patatu
☐ Mtu mwingine anajua zilipo

Na kama mzazi wako bado yu hai, usingoje ununue daftari. Mpigie leo kabla hajalala, muulize jina la bibi yake mzaa mama na kijiji alikotoka, kisha uyaandike popote palipo karibu.